Pua ya Mpima Maji

Mpima maji wa kiwanda chetu cha karatasi, hapa kaskazini mwa Finland, huinusa chupa kabla ya kuipima. Maji yetu huzungushwa tena na tena, na utomvu wa misonobari hujilimbikiza humo. Ukizidi, dawa ya kushikamanisha nyuzi za mbao huishia kushika uchafu huo badala ya nyuzi, na karatasi hukatika mashineni. Mpima huyo hufumba macho, akanusa, kisha akasugua tone kwa vidole taratibu, kama anayechagua kitambaa dukani. “Vipi Tarmo, mtambo wako una mafua leo?” alizoea kunitania. Tangu apone homa ya majira ya baridi hatanii, na hunusa kwa muda mrefu zaidi. Leo nilimpelekea chupa huku nimebana pua. Akafumba macho, akanusa. “Safi kabisa.” Alipofumbua macho akaniona nilivyokunja uso, akanusa tena, pua karibu iguse maji. “Haya, niambie wewe. Yananuka nini?” “Mayai viza, dada.” Akaifunika chupa, akaikaza sana. Kisha akanisogezea kikombe chake cha kahawa, bado kinafuka mvuke. “Na hii je, bado inanukia vilevile?”