Mama Gundi Ajifunza Kutema

Jina la Mama Gundi alipewa bandani, na halikumuudhi. Tangu aolewe alikuwa akibandika lebo kwenye chupa za mvinyo, na gundi ilikuwa imemkaa kwenye kucha kiasi kwamba hata akikanda unga, mama mkwe wake humwambia, "Nawa tena, mwanangu, tusije tukagandana matumbo."

Kiwanda kile kilikuwa na dunia mbili. Juu, bandani, walikaa wanawake: waliosha chupa, walibandika lebo, walipanga makasha. Chini, ghalani, penye mapipa na ubaridi, walikaa wanaume. Mwanamke hakushuka. Na kama mwanamke huyo alizaliwa kambini, kule kwa vibarua wa kuchuma zabibu wanaovuta maneno kama mpira, basi hata bandani alifika kwa bahati. Mama Gundi alizaliwa kambini.

Siku moja tangazo likabandikwa mlangoni. Chumba cha kuonja, kule chini ghalani, kilitaka mwanafunzi mmoja, mwanamke, na watu wa kambini walikaribishwa. Wenye kiwanda walikuwa wameulizwa na wanunuzi wao kwa nini ndimi zote za chumba kile ni za wanaume wa mtaa mmoja.

"Mwanamke akiingia ghalani, mvinyo unachacha," fundi wa mapipa alisema, akilisoma tangazo juu ya bega la Mama Gundi.

"Na usipochacha unakuwa nini?"

Fundi akafikiri. "Unakuwa maji ya zabibu."

"Basi mmechelewa kuniita."

Wanawake walicheka, wakarudi kwenye chupa zao. Mama Gundi naye alirudi, lakini lebo iliyofuata aliibandika kichwa chini. Miaka yote hiyo alikuwa akizivisha chupa nguo bila kujua mwili ulivyo. Alitaka kujua. Jioni hiyo, kabla ya kwenda nyumbani, alipita ofisini akajiandikisha, na kwa kuwa hapakuwa na jina jingine, akaitwa. Angepewa wiki ya kujaribu, kisha Ijumaa apimwe mbele ya meneja.

Mkuu wa chumba cha kuonja alikuwa mzee waliyemwita Pua, kwa sababu alikuwa nayo na aliitumia. Chumba chake kilikuwa cheupe, na meza yake nyeupe, ili rangi ya mvinyo isidanganye. Kando ya kila kiti palikuwa na ndoo ya bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Zungusha glasi, nusa, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, halafu tema."

Mama Gundi alizungusha, akanusa, akachukua funda, akalizungusha. Kisha akameza. Alikuwa amelelewa akijua kwamba kutema mate mbele ya mtu ni kumwambia neno ambalo mdomo unaona haya kulisema. Na huyu alikuwa mzee, mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Alijiambia, nitameza tu, ni kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kabla ya chakula cha mchana kibaba kilikuwa kimejaa. Alimwambia Pua kwamba Mungu hakumfanyia ubahili usoni. Alimwambia mara ya pili, kwa upole zaidi. Fundi wa mapipa ndiye aliyempandisha ngazi, naye Mama Gundi kila ngazi aliyoikanyaga aliiomba radhi.

Kesho yake asubuhi Pua hakumimina kitu.

"Mama, huku hatunywi. Huku tunaonja. Anayemeza hafiki mchana, na ini lake halifiki uzeeni. Ulimi unao, nimeuona jana kabla haujalewa. Lakini Ijumaa usipotema, nitamwambia meneja hufai, naye ataandika kwamba wanawake hawafai. Sipendi aandike hivyo. Lakini hufai nitasema."

"Nimesikia, mzee."

"Sijataka usikie. Nataka uteme."

Siku zilizofuata alinusa tu, akataja alichonusa, na Pua akamsahihisha. Kila alipotia funda mdomoni, taya zilijifunga kama mlango wa mwenye madeni.

Nyumbani alichukua beseni, akaliweka kando ya mlango wa jiko, akajaza maji mdomoni. Mama mkwe wake alikuwa kwenye kigoda chake akichambua mchele. Maji yakamtoka Mama Gundi polepole, yakamchuruzika kidevuni hadi kifuani.

"Unafanya nini?"

"Najifunza kutema, mama."

"Watu hujifunza kushona."

"Ndiyo kazi yenyewe. Unaonja, unatema, ili usilewe."

"Na hayo yanakushinda? Mtoto wa mwaka mmoja anatema uji ukutani bila kufundishwa."

"Naona kama namtemea mtu."

"Hata mimi nikiwepo?"

"Wewe ndiyo zaidi."

Mama mkwe aliendelea kuchambua. Chuya moja, nyingine. Kisha akasema bila kuinua macho, "Siku ya kwanza ulipopika humu ndani, ulitia chumvi ya kumwua ng'ombe. Unakumbuka?"

"Mlikula chote. Mlisema kitamu."

"Mimi nilikula nimegeukia ukutani. Nilikuambia jua linaniumiza macho. Jua gani, na ilikuwa inanyesha? Sikutaka uuone uso wangu." Akaweka ungo chini, akashika kigoda kwa mikono miwili, akakizungusha hadi magoti yake yakagusa ukuta. "Haya. Mimi sipo. Tema."

Maji yaligonga beseni.

"Hayo ya kitoto. Tena."

Ijumaa meneja alikuja na saa yake mkononi. Glasi zilipangwa mezani, hazina lebo wala alama. Mama Gundi alinusa ya kwanza, akachukua funda, akalizungusha. Mbele yake walikaa wanaume wawili, mmoja mkubwa wake kwa cheo, mwingine kwa umri, na wote walikuwa wakimtazama mdomo. Taya zikajifunga. Alihisi koo likijiandaa kumeza, kwa adabu yake ileile ya siku zote. Kusema hakuweza, maana mdomo ulijaa. Akainua kidole, akakizungusha hewani.

Pua alikunja uso. "Umegeuka? Unasema mvinyo umegeuka?"

Akatikisa kichwa. Akamnyooshea Pua kidole, ambalo nalo halikuwa jambo la adabu, kisha akaonyesha ukuta.

"Mimi? Mimi ndiyo nigeuke?"

Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Pua akainuka, akazungusha kiti chake, akaketi akiutazama ukuta. "Na wewe, bwana meneja," akasema. Meneja alitaka kuuliza swali, akaliacha, akageuka. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, kama watoto waliopewa adhabu darasani.

Ndoo ikalia.

"Huu unanukia vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza," Mama Gundi akasema nyuma yao. "Ukali wake uko pembeni mwa ulimi, hauko katikati. Bado mchanga."

"Mwingine," Pua akasema.

Alikwenda vizuri hadi akafika pale alipokosea. Alisema glasi mbili zimetoka pipa moja.

"Si pipa moja," Pua akauambia ukuta. "Rudia."

Akarudia. Ndoo ikalia mara mbili. "Shamba moja. Pipa la huu ni la zamani zaidi."

"Endelea."

Walipogeuka, meneja alikuwa akijisugua shingo. "Na wanunuzi wakija kuonja naye, tutawageuza wote ukutani?"

"Wazee tutageuka. Wengine atawazoea," Pua akasema. "Akikosea narekebisha, ndiyo kazi yangu. Anaonja, anatema. Ulitaka nini tena?"

Meneja akaandika.

Jioni, Mama Gundi hakuwa ametua hata kikapu, mwanamke wa nyumba ya pili akampigia kelele ya pongezi juu ya ukuta. Akaingia ndani akiwa ameduwaa.

"Mama, umewaambia nini majirani?"

"Kwamba mkwe wangu ni mwonjaji."

"Lini?"

"Asubuhi, ulipotoka."

"Na kama ningekosa?"

"Tungehama mtaa." Akamsogezea sahani. "Kula. Na humu ndani umeze."