Mbu Katika Tangi la Bibi wa Isevya

Nilipohamishiwa Tabora kutoka Nzega, mama yangu aliwaeleza majirani kwamba mwanawe amepata kazi ya kutafuta mbu wakati watu wote wanawakimbia. Hakukosea sana. Kuna mbu mgeni anayeeneza malaria, asili yake Asia, ambaye ameshaonekana katika nchi za Pembe ya Afrika na hata kwa jirani zetu wa Kenya. Mbu wetu wa zamani hupenda madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe na majaruba ya mpunga. Mgeni huyu hana haja na shamba. Yeye ni mtu wa mjini: matangi, mapipa, ndoo zilizosahaulika uani. Na Tabora ni mji wa kupitiwa, tangu wakati wa misafara ya wapagazi hadi leo ya malori na treni. Kwa hiyo mimi na mwenzangu mmoja wa idara ya afya tukawa tunapita nyumba kwa nyumba, tukichungulia maji ya watu.

Ndivyo tulivyofika kwa bibi mmoja wa mtaa wa Isevya. Alikuwa mjane, fundi cherehani, na uani kwake kulikuwa na tangi la saruji ambalo marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli, alilijenga kwa mikono yake ili kukinga maji ya mvua. Maji ya bomba kutoka ziwani yalikuwa yameshafika Tabora, lakini bibi hakuyaamini sana.

"Bomba lina siku zake," alituambia. "Tangi hili halijawahi kuninunia."

Ua wake ulikuwa umefagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Maji ya tangi yalikuwa maangavu, sakafu ya chini inaonekana. Nikachota kwa upawa mweupe, kwa mazoea tu, nikiwa tayari kuaga. Ndani ya upawa kulikuwa na viluwiluwi. Vya mbu wa kawaida wa mjini huning'inia kichwa chini. Hivi vilikuwa vimelala juu ya maji, vimenyooka kama vipande vya uzi. Hao ni mbu wa malaria.

Nilimwonyesha mwenzangu. Bibi akauliza, "Mmeona nini?"

Nikamwambia ukweli. Akautazama ule upawa, kisha akaenda kukaa kwenye cherehani yake. Hakushona.

Tulivichukua viluwiluwi tukavilea ofisini, ndani ya kopo lililofunikwa kwa chandarua, mpaka vikawa mbu kamili. Nikawaweka chini ya hadubini. Mabawa yao yalikuwa na madoa, na kila nilipolinganisha na picha za yule mgeni niliona kama ndiye. Lakini jamaa wa ukoo mmoja hufanana, na jicho la mtu hudanganyika. Tukawapeleka maabara wakapimwe vinasaba, tukabaki kusubiri.

Katika kusubiri huko tulirudi Isevya mara kadhaa, tena kwa gari la serikali, tumevaa makoti yetu. Hatukufikiria majirani wangeonaje. Siku moja tulikuta geti limefungwa, na bibi akajibu akiwa ndani, "Leo sina nafasi." Safari iliyofuata jibu lilikuwa hilohilo. Mwanamke wa nyumba ya pili alituambia kwa sauti ya chini kwamba mtaani wanasema malaria imetoka kwenye tangi la bibi. Mtu ambaye maisha yake yote alisifiwa kwa usafi, sasa nyumba yake inaitwa kwa mbu.

Iliniuma. Jumapili nikajifunga khanga, nikaenda peke yangu kwa miguu kutoka Cheyo ninakoishi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alifungua geti nusu. "Gari liko wapi?"

"Sikuja na gari. Nimekuja kukusalimia."

Alinitazama, akafungua nusu iliyobaki. Tulikaa barazani tukimenya karanga za kuchemsha. Nikamweleza kwamba mbu tunaowaona kwenye mitaro michafu wengi wao si wa malaria. Wa malaria huchagua. Huko kwenye uchafu asingetaga.

"Unanituliza?"

"Hapana, bibi. Maji yako yangekuwa machafu, nisingewapata."

Akaacha kumenya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Habari hiyo haikulala kwake. Kesho yake alimweleza kila aliyekuja kushonewa kwamba mbu wa malaria ni mbu wa maji safi, na kama kwako hajafika basi ujiulize. Wiki hiyo mwanamke wa nyumba ya pili alikuja kutuomba tukakague pipa lake. Tulipomwambia hatukuona kitu, alinuna kabisa. Ilibidi nizunguke nyumba zile zote kueleza tena kwamba kutokuwa na mbu nako ni heri.

Majibu ya maabara yalikuja. Hakuwa yule mgeni. Alikuwa mbu wetu wa siku zote, aliyezoea madimbwi ya shambani, ila huyu alikuwa ameona tangi na kulipenda. Nilishukuru, na siwezi kuficha kwamba kidogo nilivunjika moyo. Bibi alipokea habari kama mtu anayeelezwa juu ya mjukuu mtundu.

"Kumbe ni wa hapahapa. Naye amehamia mjini."

"Naye anauma vilevile, bibi. Tangi inabidi lifunikwe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, kwa sababu ya kumbukumbu za mumewe. Hakubisha. Alipima mdomo wa tangi kwa futi yake ya ushonaji, akashona kifuniko cha wavu chenye mpira pembeni, na kukizungushia utepe wa kitenge, kwani hakuweza kutoa kitu mkononi mwake kikiwa hakina pambo. Majirani wakaanza kuagiza. Sasa ukipita mtaa ule utaona mapipa yamevaa.

Masika iliyofuata niliugua malaria mwenyewe. Ofisini walinicheka wee. Nilikuwa nimelala kwangu Cheyo, nimeshaanza dawa, nikasikia hodi. Bibi alikuwa mlangoni, ameshika chupa ya chai iliyojaa supu ya kuku, viatu vyekundu kwa udongo wa njia. Mguu unamsumbua, naye alitembea kutoka Isevya.

"Mayu," aliniita kwa Kinyamwezi, jina la mama, kama wanavyowaita hata binti zao wanapowaonea huruma. "Aliyekuuma ni yule wetu au ni yule mgeni?"

"Sikumwona, bibi."

"Kazi yako yote ni kuwatazama, na huyu hukumwona?"

Akamimina supu kwenye bakuli, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasubiri mpaka nimalize.