Mwambire na Pikapu ya Mkwewe

Gede nzima inajua kwamba Mwambire hana breki za mdomo. Fundi huyu aliwahi kumfukuza mteja gereji kwa sababu alimkuta ameibandika taa ya injini utepe mweusi asiione ikiwaka. "Gari lakwambia ni gonjwa, nawe waliziba mdomo!" alimpigia kelele mpaka wauza maharagwe wa ng'ambo ya barabara wakafunika sufuria waje kutazama. Sasa mtu wa namna hiyo alijaliwa mkwe gani? Alijaliwa Bi Kadzo wa Magarini, mama mzazi wa mkewe, ambaye kwa mila za kwao Mwambire hawezi kumpandishia sauti, wala kumkazia macho, wala kubishana naye ana kwa ana.

Asubuhi moja Bi Kadzo aliingia gereji na pikapu imejaa mananasi ya kupeleka soko la Kilifi, taa ya injini inawaka. Mwambire alimwamkia kwa mbali, kichwa chini. Bi Kadzo akaitikia, kisha akamgeukia bintiye, Damaris, aliyekuwa akipanga vipuri dukani.

"Mwambie mumeo aifute hiyo taa nende zangu. Kombe huifuta mara moja tu."

Kombe! Damu ilimchemka Mwambire. Kombe ni kijana wa Malindi mwenye kimashine cha kusoma injini, lakini kusoma hasomi, kazi yake ni kufuta. Watu humwendea kama mganga. Taa ikizimika wanashukuru, safari mbili tatu inawaka tena, wanarudi kufutiwa. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini nani anasikia?

Mwambire akachomeka mashine yake. Silinda ya pili haichomi. Injini ilipopoa akafungua plagi ya silinda hiyo, akaikuta imelowa maji. Akatazama rejeta, maji yamepungua, na chini ya gari hakuna tone lililovuja. Gasketi ya hedi ilikuwa imeachia, maji yanaingia ndani ya silinda. Kwa mzigo ule injini ingefia njiani kabla ya Kilifi, na pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha Bi Kadzo tangu afiwe na mumewe.

Alitamani kupiga ukelele usikike hadi Watamu. Badala yake akamwambia mkewe, meno yamefungana, "Mwambie mama gari lisiondoke. Maji yanaingia kwenye injini."

Bi Kadzo alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja bintiye arudie.

"Mwambie hayo maji mimi naongeza kila asubuhi. Mananasi yakilala yataoza. Anipe ufunguo."

"Kila asubuhi!" Mwambire alipiga teke ndoo iliyokuwa karibu, ndoo masikini isiyo na kosa. Kila asubuhi anaongeza maji, asijiulize hata siku moja yanakokwenda!

"Baba watoto," Damaris alisema kwa sauti ya chini, "huyo ni mamangu."

Kumnyima mkwe kitu chake ni aibu isiyooshwa kwa sabuni. Mwambire akarudi kwenye injini, akainama humo kitambo kirefu akinung'unika, akafunika boneti. Kisha akafuta grisi viganjani na kumpelekea Bi Kadzo ufunguo kwa mikono miwili, macho chini.

Bi Kadzo akawasha. Stata ikalia, injini haikushika. Akajaribu tena, vivyo hivyo. Akachungulia dirishani, akaona mifuko ya ovaroli ya mkwewe imefura. Koili zote za kuwashia plagi zilikuwa mle ndani, waya mmoja umechomoza.

Damaris akajishika kinywa. Mwambire alijaa hasira na haya, asijue ipi imezidi, lakini mifuko hakuigusa.

"Damaris," alisema Bi Kadzo taratibu, "mwambie huyu mwizi anitafutie gari la kuyapeleka mananasi yangu. Na kwanza ayashushe kivulini."

Mwambire akaanza kuyashusha, uso umekunjamana, anayalaza chini moja moja kama mayai.