Sidii ya Bure kwa Shangazi

Miaka ile kila kitu kilikuwa cha mitumba: shati, kiatu, friji, hata kompyuta ya shangazi. Aliinunua ili aache kuteremsha ndizi kutoka milimani Kinole, afungue kibanda cha kuchapa pale Mafiga mjini. Kibao kilishachorwa. Tukaiwasha, ikatoa alama ya kuuliza, ikagoma hapo hapo.

Mafundi wa mjini walikuja na sidii zao, ikazikataa zote. Wakasema ubongo wake ni wa aina nyingine, si wa kompyuta za watu. Nikamwambia shangazi labda inamuuliza yeye ni nani hata aimiliki. Hakucheka. Aliitazama kama mposaji aliyekuja bila mshenga.

Ndipo nikamleta kaka mmoja wa chuo. Akaeleza kuwa upo mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao waliouunda wameacha mapishi yake wazi. Kwa kila aina ya ubongo unapikwa upya, kwa hiyo unakaa kwenye karibu mashine yoyote. Tena bure.

“Anayekaa kila nyumba si mgeni,” shangazi akasema. “Huyo ni mhuni.”

Akataka kujua hicho cha bure nani anakilipia. Hata mimi nikaingiwa na wasiwasi. Shuleni kwetu cha bure kilikuwa viboko tu. Nikaona kibanda kinafungwa kabla ya kufunguliwa, na shangazi anarudi kwenye ndizi zake.

Akamuuliza kaka kwao wapi.

“Tabora, mama.”

“Mnyamwezi?”

“Ndiyo.”

Uso ukafunguka. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na cha mtani hakiulizwi bei, kinanyang'anywa. Kaka alikuwa na sidii mbili mkononi. Shangazi akampokonya moja.

“Mtumwa wangu, ulikuwa wapi siku zote? Njoo uweke.”

Ikawekwa. Alama ya kuuliza ikabaki pale pale. Shangazi akanigeukia mimi, kana kwamba nimemleta tapeli kwenye familia.

“Umepokonya ya kompyuta za watu,” kaka akasema, sasa naye kachangamka. “Pishi ni lile lile, jiko tofauti. Yako hii, mwizi wa ndizi.”

Ya pili ikakubali. Maandishi yakashuka kwenye kioo kama mvua ya milimani. Shangazi akavuta kiti, akaanza kuchapa jina la kibanda kwa kidole kimoja. Halafu kidole kikasimama.

“Ukiupeleka mfumo huu kwa mwingine, mimi nabaki na nini?”

“Naupeleka, na hapa unabaki.”

“Si nilisema ni mhuni,” akasema, akaendelea kuchapa. Jioni aliigeuza ile kompyuta itazame ukuta, mhuni asione njia ya kutoka, ndipo akafunga mlango.