Kikombe Kimoja Kati ya Programu Mbili

"Huyo atarudi kuchonga vinyago kama baba yake." Hivyo ndivyo walivyosema Jericho, mtaani kwetu, niliporudi kutoka Uingereza na stashahada ya kompyuta. Jirani yetu dereva akaongeza, "Huko ng'ambo amejifunza kufunga tai tu." Jumatatu niliifunga tai hiyo, nikatembea hadi Industrial Area, nikaripoti kwenye kiwanda cha unga.

Ninyi vijana mnabeba kompyuta mfukoni. Yetu ilijaza chumba. Ndani yake kulikuwa na programu tatu zilizofanya kazi kichinichini mchana kutwa: ya kwanza ilitunza faili, ya pili ilipokea maagizo kutoka maghalani, ya tatu ilichapa hati za kupakia malori. Kila moja iliitegemea iliyotangulia. Ukiwasha ya pili kabla ya ya kwanza kuwa tayari, itakuta faili tupu na kuamini kwamba hakuna mteja hata mmoja duniani.

Opereta Mkuu, Mzee Okoth, alikuwa na utaratibu wake. Aliwasha ya kwanza, akanywa kikombe cha chai hadi mwisho, ndipo akawasha ya pili.

"Kwa nini chai, Mzee?"

"Ikiisha, mashine iko tayari. Kunywa, bwana mdogo. Stashahada haipozi chai."

Niliiona kasoro siku hiyo hiyo. Chai hupima muda. Haiiulizi programu kama imemaliza kujiandaa. Dawa yake niliijua pia, nikanyamaza. Nilikitaka kiti cha Mzee, na nilijua siku moja chai ingemwangusha.

Sikuwa mtu wa kutulia. Kutoka kuingiza data nilipanda hadi opereta wa zamu, nikawapita waliokuwa pale miaka mingi, na bado niliona nimechelewa.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Maziwa yaliadimika na kantini ikaanza kutugawia nusu kikombe cha chai. Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi. Umeme ukikatika ghafla, programu ya faili hukagua diski yote kwanza, kwa hiyo huchelewa kuliko kawaida. Mzee Okoth aliiwasha, akamaliza nusu kikombe chake, akawasha ya pili. Nilikuwa nyuma yake. Niliona taa ya diski bado inapepesa. Sikusema neno.

Hati zilitoka nyeupe. Maagizo yote ya asubuhi yalifutika, na uani madereva wakapiga honi ndani ya malori matupu.

Meneja wa Kompyuta aliingia kwa kishindo. "Nani amewasha?"

"Ni mimi, Bwana Meneja," Mzee akasema.

"Miaka yote hii, Okoth! Nenda nyumbani. Barua yako ya kufutwa utaipata Ijumaa."

Mzee alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Kiti kikawa wazi. Siku nzima nilifanya kazi nimesimama.

Kwa siku mbili niliandika upya namna ya kuwasha. Kila programu, ikishajiandaa kabisa, iliacha alama yake kwenye diski; iliyofuata iliitafuta alama hiyo na haikuanza mpaka iione. Hakuna opereta mwingine pale aliyeweza kazi hiyo, nasema bila haya. Alhamisi nilimwita Meneja.

"Zima umeme mwenyewe, Bwana Meneja."

Alizima, akawasha. Diski ilikaguliwa pole pole. Programu ya pili ilisubiri. Hati zikatoka na majina yote.

"Ajabu! Umeyajua lini haya?"

"Tangu siku ya kwanza."

Tabasamu likamfifia usoni. "Siku ya kwanza? Na ukamwacha Okoth?"

"Nilimwacha. Yeye hakujua. Mimi nilijua."

Ijumaa barua iliandikwa, lakini kwa jina langu: nilirudishwa kuingiza data mwaka mzima. Mzee Okoth aliitwa arudi kazini. Alikuja na daftari na penseli, akavuta kiti kando ya meza yangu. "Haya, mwalimu," akasema, "anza mwanzo, na usiniruke."

Nilipostaafu nikiwa mkuu wa idara, walisema katika hotuba kwamba nilivumbua kile kilichookoa kiwanda. Watu walipiga makofi. Mjane wa Mzee Okoth alikuwa amekaa mstari wa mbele, akipiga makofi kuliko wote, nami nikatazama dirishani.