Mgeni Anayekula Prosesa

Umewahi kukiua kitu kilichokuwa kinakufanyia kazi, halafu ukajisifu kwamba umeokoa nyumba? Usijibu haraka. Stendibai naye angekataa, tena kwa kiapo, na mchana ule alikuwa amekwishaua mara mbili na mkono bado ulikuwa unamwasha.

Stendibai ni mpiga video za harusi. Jina hilo alipewa na mtaa, maana kabla hajawasha kamera hupiga ukelele wa "Stendibai!" ambao uliwahi kumfanya bwana harusi mmoja asimame wima kama askari, pete ikamponyoka na kuviringika chini ya meza. Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na duka la vioo. Ndani mna pazia la kijani lililopauka, kompyuta moja, na feni ya mezani inayoipepea kompyuta huku mwenyewe akilowa jasho.

Safari hii harusi ilikuwa ya damu yake, mdogo wake wa pekee wa kike. Baba yao hakuhudhuria. Alikuwa amelazwa, uvimbe umemkaba kooni, na daktari alikuwa amesema bila kuzungukazunguka kwamba upasuaji utafanyika na kisanduku cha sauti kitatolewa. Mzee atatoka hai, Mungu akipenda, ila sauti haitatoka naye. Basi alimwita kaka yake pembeni ya kitanda, akamkabidhi maneno ya kumwambia binti mbele ya watu. Baba Mkubwa akayabeba kichwani, akasimama ukumbini, akasema, watu wakapiga makofi. Stendibai alikuwepo, lakini mtu wa kamera huona tu. Wakati ule masikio yake yote yalikuwa kwenye betri iliyokuwa inakata roho.

Sasa upasuaji ulikuwa kesho asubuhi. Saa ya kuwaona wagonjwa, mzee alimshika mwanawe kiganja.

"Mwanangu, kesho naingia. Niletee nimwone mdogo wako kabla sijaingia." Alipumzika, akameza kwa tabu. "Na nisikie huyo kaka yangu alisema nini."

"Alisema vizuri, Baba. Ukumbi mzima ulipiga makofi."

"Ndiyo maana naogopa. Kaka yangu akipigiwa makofi, ujue chumvi imezidi."

Walikuwa wamempigia bibi harusi tangu jana yake. Alikuwa njiani na mumewe kwenda mbali, na simu yake ilikuwa haipatikani. Kwa hiyo palibaki video tu.

Tatizo ni kwamba picha zikitoka kwenye kamera huwa ni mafaili makubwa, mazito, ambayo simu ya kawaida ikipewa inayatazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Lazima programu iyasage, iyabane, iyatoe upya kama faili moja jepesi. Mafundi wanaita kurenda. Kamera yenyewe ilikuwa ya kukodi na imerudi kwa mwenyewe. Stendibai alikata kipande cha Baba Mkubwa na bibi harusi, pamoja na kuingia ukumbini na keki, akabonyeza kitufe cha kutoa.

Zamani, ukibonyeza, mstari wa kijani ungetokea katikati ya skrini na kutambaa polepole mpaka mwisho. Wiki ile ya harusi alikuwa amewekewa toleo jipya la programu. Sasa kilitokea kidirisha kidogo chenye maandishi, kikakaa kidogo, kikapotea. Hakukisoma. Nani anasoma? Tumelelewa hivyo, bonyeza sawa, bonyeza ndiyo, endelea. Mashine inatuambia jambo kwa heshima zote na sisi tunaifukuza kama nzi.

Kisha feni ya ndani ya kompyuta ikaanza kunguruma. Kishale kikawa kinajivuta kama kimepigwa na jua. Na hapa ndipo ilipoingia kanuni yake. Fundi mmoja alimwambia miaka iliyopita kwamba ukiona ndani ya kompyuta kazi usiyoijua jina, na inakula prosesa, ubongo wa mashine, zaidi ya nusu, hiyo ni vairasi, ing'oe. Tangu hapo, kabla ya kila kazi kubwa na katikati yake, Stendibai hufungua dirisha linaloorodhesha kazi zote zinazoendelea humo na kufanya anachokiita usafi. Alifanya usafi siku zote na siku zote mambo yakaenda. Akaamini.

Akafungua. Juu kabisa palikuwa na jina refu la ajabu, herufi na tarakimu zimebanana bila nafasi. Lilikuwa linakula prosesa karibu yote.

"Mwizi wewe," akasema, akaling'oa.

Feni ikatulia. Kompyuta ikawa nyepesi. Akashukuru. Akasubiri video. Akasubiri tena. Alipolifungua faili, likaandika kwamba limeharibika.

Akabonyeza upya. Mgeni yule wa jina refu akarudi, akang'olewa. Faili likaharibika.

Mkewe akaingia na kikombe cha chai, akamkuta ameishika meza kwa mikono miwili.

"Baba Watoto, si uipige hiyo skrini kwa simu tu? Cheza pale, rekodi hapa, mpelekee mzee."

"Yaani dada yangu aonekane kama anachunguliwa dirishani? Kwa baba yake mwenyewe?"

"Baba yake mwenyewe anataka kumwona bibi harusi. Hajaomba kuona ufundi wako."

Mkewe alipotoka, akajaribu kimyakimya, na hapo akaaibika peke yake. Mafaili yale mazito yaliilemea kompyuta kiasi kwamba picha zilirukaruka; mdogo wake alikata keki kama roboti, sauti ikasikika vipande vipande. Akaweka simu chini.

Mara mlango ukagongwa, akaingia Baba Mkubwa, koti begani, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Kijana wangu, bado tu? Sisi enzi zetu picha zilikuwa zinasafishwa siku hiyohiyo."

"Picha za enzi zenu zilikuwa hazitembei, Baba Mkubwa."

"Na zilikuwa hazikwami." Akacheka mwenyewe, kisha akajikuna shingo. "Ila sikiliza. Lazima aione kabla? Mgonjwa anatakiwa kutulia. Mimi naona mpelekee akishapona."

"Akishapona hatakuwa na sauti."

"Macho si atakuwa nayo?" Akatazama pazia la kijani. "Na ile sehemu yangu, unaweza kuifupisha. Watu hawapendi hotuba ndefu."

"Si wewe uliyeniambia nikuweke mwanzo mpaka mwisho, tena kwa karibu?"

"Niliyasema kama nilivyotumwa," akasema Baba Mkubwa, ingawa hakuna aliyemuuliza, akaondoka na koti lake.

Stendibai akabaki na mngurumo. Alikuwa amebonyeza kwa mara nyingine, na mgeni alikuwa amerudi tena juu kabisa, anakula. Alimwona baba yake amelala, anatazama mlango wa wodi. Akamwona anaingizwa kule ndani bila kuona chochote, kwa sababu mwanawe, anayejiita mtaalamu, ameshindwa na sanduku la bati. Machozi yalimtoka pale, mtu mzima, mbele ya pazia la kijani. Akatia kidole kwenye kipanya. Akakitoa. Hakuwa na nguvu hata ya kung'oa.

Kwa kukosa la kufanya, akafungua folda alimoelekeza video itoke. Faili lilikuwemo, dogo. Akalitazama kwa chuki. Baada ya muda akaona ukubwa wake umebadilika. Ukaongezeka tena. Linakua.

Akarudi kwenye orodha. Mgeni yupo, anakula. Akaenda kwenye folda. Linakua. Jasho likampoa mgongoni. Akambonyeza mgeni kwa kitufe cha kulia, akachagua sehemu ya kuonyesha anakoishi. Folda ikafunguka, na ilikuwa folda ya programu yake mwenyewe ya kuhariri. Mgeni alikuwa wa nyumbani. Toleo jipya lilikuwa limeacha kurenda mbele ya macho ya watu. Lilikuwa linamtuma mfanyakazi nyuma ya pazia, asage huko kimya wakati mwenye nyumba anaendelea na mambo yake. Kile kidirisha alichokifukuza ndicho kilichokuwa kinamwambia hivyo.

"Ni wewe," akanong'ona. "Nakuua nawe unanipikia, mwiko mkononi."

Hakucheka. Kuna hasira moja mbaya sana, ya kugundua kwamba adui uliyemtafuta mchana kutwa ni ujinga uliofundishwa na ukaushika kwa mikono miwili. Fundi alimpa kanuni na hakumpa sababu. Na yeye hakudai.

Mara faili likaacha kukua, naye nusura afurahi mapema, akidhani limekamilika. Ujumbe ukatokea, na safari hii akausoma, neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza kusoma: diski imejaa. Akatafuta kilichoijaza. Katika folda ya muda alikuta maiti za kazi alizoua, vipande vizito vya harusi nusunusu, kila jaribio limeacha mzoga wake. Akavifuta vyote. Akafunga muziki, akafunga intaneti, akafunga kila alichokifungua yeye mwenyewe. Akabonyeza upya, akakisoma kidirisha mpaka nukta ya mwisho, kisha akakalia mikono yake.

Jina refu likapanda juu. Feni ikanguruma.

"Kula," akaliambia. "Kula yote."

Usiku aliulala kwenye kiti. Kulipopambazuka faili lilikuwa limekamilika. Akalihamishia kwenye simu akikimbia, viatu havijafungwa.

Pale hospitalini alikuta kitanda cha magurudumu kimeshatoka wodini. Baba yake alikuwa kwenye korido, kofia ya kijani kichwani, muuguzi anasukuma.

"Dada, naomba kidogo tu! Ni harusi ya binti yake!"

Muuguzi akaangalia milango miwili iliyokuwa mbele, akaangalia simu, akasimama. "Haraka, kaka."

Mzee akaishika simu kwa mikono yote miwili. Binti yake akaingia ukumbini, na uso wa mzee ukafunguka. Kisha akatokea Baba Mkubwa, kifua mbele, sauti yake ikijaa korido: "Mwanetu, baba yako anakuambia hivi: ndoa ni kuvumilia. Uliyoyakuta huko, yameze. Usirudi nyuma, usitutie aibu!" Makofi yakalipuka. Kwenye skrini, bibi harusi akainamisha kichwa, na kila aliyekuwepo ukumbini alidhani ni furaha.

Mzee alijaribu kuinuka. Muuguzi akamzuia bega.

"Sikusema hivyo," mzee akasema. Sauti ilikuwa kama mlango mkavu. "Nilisema, ukionewa, rudi. Kitanda chako hakijatolewa." Akamtazama Stendibai kwa macho makali, simu bado inapiga makofi mikononi mwake. "Wewe ulikuwa na kamera. Umesikia sasa?"

"Nimesikia, Baba."

"Sema."

"Ukionewa, rudi. Kitanda chako hakijatolewa."

"Bila chumvi," mzee akasema.

Muuguzi akaichukua simu taratibu, akamrudishia Stendibai ikiwa bado inacheza, akasukuma. Milango miwili ikafunguka, ikammeza mzee, ikajipigapiga mara kadhaa kabla ya kutulia. Stendibai akabaki kwenye korido, kamba za viatu zimelegea, midomo yake inayarudia maneno ya baba bila sauti. Kwenye simu, watu walikuwa bado wanapiga makofi.