Isale Ndani ya Riwaya

Kabla sijaona kitu nilisikia madirisha. Ukungu wa Julai ulikuwa umelala juu ya migomba, hata zizi la ng'ombe wetu sikuliona, lakini huko chini, kwenye jumba la jirani, bawaba za chuma zilikuwa zinalia, dirisha moja, kisha jingine. Ninyi mnaosoma safu hii na mna kwenu huku mlimani mtanielewa. Majumba yetu makubwa hufunguliwa Desemba, wenyewe wanapopanda kutoka Dar na watoto na mabegi yao. Madirisha yakifunguliwa Julai, kuna mtu amekufa. Nilijua ni nani: mama aliyelitunza jumba lile, msomaji mkubwa kuliko wote niliopata kuwafahamu. Nikavaa viatu nikashuka, nikiwa na swali moja kifuani. Watamzika wapi?

Swali hilo si dogo kwetu. Mtu huzikwa kihambani, katika shamba la nyumbani, kati ya migomba aliyoipalilia, karibu na watu wake. Mama huyu alizaliwa Sanya Juu, akaolewa hapa na kitinda mimba wa ukoo, aliyerithi nyumba ya wazazi. Kaka mkubwa wa mumewe alitajirika Dar, akaja akajenga jumba la ghorofa mbele ya nyumba ile ya zamani. Mume alipofariki, na hawakuwa wamejaliwa mtoto, shemeji yule alisimama mbele ya waombolezaji wote akamwambia: "Hapa wanalala wenye mji. Wewe siku yako ikifika tutakurudisha kwenu." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alijikwaa ulimi kaburi la mdogo wake likiwa bado bichi. Kesho yake akamkabidhi mjane huyo funguo za jumba, alitunze. Miaka yote iliyofuata mama alifuta vumbi kwenye makochi yasiyokaliwa, na kila jioni aliwasha taa ya chumba kimoja cha juu ili wezi wadhani kuna watu. Kisha alirudi nyumba ya nyuma, kwa ng'ombe wake na riwaya zake.

Riwaya zenyewe alizitoa sokoni Moshi mjini, chini ya marundo ya mitumba, vitabu vya Kiingereza vilivyochakaa, vingine vimeachwa na wageni waliokuja kupanda mlima. Majalada yake karibu yote yalikuwa mamoja: mwanamke wa gauni refu anakimbia usiku, nyuma yake jumba jeusi, dirisha moja linawaka. "Huyu naye," aliniambia siku ya kwanza, akigonga jalada kwa kidole, "viatu kaacha wapi na baridi hii?" Lakini alivipenda kwa mapenzi ya kweli, vitabu vya mapenzi ya zamani na majumba yenye siri, na hakuvisoma peke yake. Asubuhi, kwenye kituo cha maziwa, wanawake wakisubiri maziwa yao yapimwe, aliwasimulia kwa Kiswahili sura aliyoisoma jana. Bwana mwenye jumba akawa mtu wa kuonekana mara moja kwa mwaka. Dada aliyeajiriwa kulea watoto wake akawa anakula mtori wa ndizi na kuogopa sauti za darini.

"Huyo bwana ni mtu wa Dar," mmoja alisema siku moja, ameketi juu ya ndoo aliyoifunika. "Anakuja Desemba, anakula mbuzi, anaondoka."

"Kumbe unamfahamu?"

"Nimezaa naye!"

Walicheka mpaka mpimaji akatoka kuuliza kuna nini.

Kila riwaya aliyoisimulia ilikuwa na jambo moja lisilobadilika. Karibu na mwisho, bwana mwenye kiburi alimwendea mwanamke aliyemkosea akiwa ameshika jani la isale mkononi. Huku kwetu atakaye msamaha hupeleka isale, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Mimi niliazima vitabu viwili vitatu, nikavisoma hadi jalada la nyuma, nikarudi kwake. "Mama, mbona isale halimo?"

"Hawakuwa nalo, maskini," alinijibu. "Ndiyo maana vitabu vyao ni virefu hivyo."

Kuna waandishi wenzangu tunaokutana mjini kusomeana kazi zetu. Siku moja mmoja aliona riwaya ya mama mkononi mwangu akacheka: bado unasoma mambo ya wanawake wa kuzimia kwenye ngazi? Niliona haya, nikaificha. Niliporudi nilimuuliza mama kama hachoki na hadithi hizo, maana zote zinafanana. Alifikiri kidogo huku akikoroga pumba za ng'ombe. "Mwanangu, mimi jumba ninalo. Ukungu ninao. Bwana mkubwa ninaye. Ninachokosa ni mtu wa kuniambia kwa nini. Kitabuni, kabla hakijaisha, ni lazima aseme." Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama kazi zangu mwenyewe kwa mashaka. Sisi tunaojiita waandishi makini hupenda kumwacha msomaji hewani, tukaiita hiyo sanaa. Yeye tayari alikuwa akiishi hewani. Alifungua kitabu atafute ardhi.

Desemba moja shemeji alitoka mwenyewe na jagi kununua maziwa mabichi. Alipokaribia, wanawake walinyamaza. Mama hakunyamaza. Aliendelea na hadithi kwa sauti ileile: bwana akasimama mbele ya wafiwa, akamwambia mjane, hapa wanalala wenye mji, wewe tutakurudisha kwenu. Nilikuwepo. Mwanamke mmoja, kwa uchokozi au kwa ujasiri, akauliza: "Sasa mama, huyo tajiri atafanyaje?"

"Sijui," alisema mama. "Sijafika ukurasa huo."

Shemeji alipokea maziwa yake akapanda juu.

Mwaka huu moyo wa mama ulichoka. Alilazwa hospitali ya Mawenzi, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na kwa kuwa macho nayo yalikuwa yameingia ukungu, nikawa nakwenda kumsomea. Mchana mmoja wa Mei, mvua ikinyesha, hodi ilipigwa. Shemeji aliingia na kofia iliyolowa, naye mzee sasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Umeshika nini, shemeji?" mama aliuliza.

"Isale."

"Naona tumefika ule ukurasa." Lakini hakunyoosha mkono. "Sema kwanza. Jani halisemi lenyewe."

"Na mtoto huyu asikie?"

"Siku ile walisikia watu wote. Leo anasikia mmoja. Umepata nafuu."

"Nilisema tutakurudisha kwenu. Nilikukosea. Kwenu ni hapa. Utalala kando ya mdogo wangu."

Mama alilipokea jani, akalipapasa toka shina hadi ncha, akaniomba kitabu, akaliweka kwenye ukurasa niliokuwa nimefikia.

Ahadi ya mdomoni ni nyepesi, ndiyo maana asubuhi ile ya madirisha nilishuka mbio. Vijana walikuwa wanachimba kando ya kaburi la mumewe, na shemeji amesimama pale na udongo hadi magotini. Wanawake wa maziwa walikuwa wamefika. "Kumbe alikuwa anatusimulia ya kwake," mmoja alinong'ona. Mwenzake akafuta machozi kwa ncha ya kanga: "Wewe ndiyo unajua leo?"

Basi ukimwona mtu amekishikilia kitabu unachokidharau, usimcheke kabla hujajua anasubiri ukurasa gani. Na kama wewe ndiye unayesubiriwa, nenda mapema. Yule mzee alifika mama akiwa bado anaweza kumjibu. Mchana ule wa Mei, baada ya jani kupokewa, nadhani alitarajia machozi, au walau chai. Mama alinigeukia: "Haya, endelea. Yule dada alikuwa amefika kwenye ngazi." Kisha akamwambia yeye, kwa upole, "Ahsante, shemeji. Ukitoka vuta mlango, ukungu unaingia." Mzee alivaa kofia yake, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, hadi nikasikia komeo likiingia mahali pake.